Kielelezo Namba Tatu

Kililetwa Muheza ndani ya ndoo ya rangi,
lebo ya njano shingoni, sahihi ya koplo,
na mwenye nacho nyuma yake, Shebughe Mnkande,
pingu mikononi, kandambili moja imekatika.
Nikaandika daftarini: mmea, mmoja, hai.
Neno "hai" likanisumbua.
Panga halili, baiskeli ya wizi hainywi.
Hiki nilikipa maji kwa kikombe changu cha chai.

Kifupi. Kiliishia gotini na hakikuona haja ya kuzidi.
Majani ya juu vidole saba, ya chini vitatu,
harufu ya ganda la chungwa
lililobanduliwa karibu na pampu ya dizeli;
na Muheza hii, harufu ya chungwa haimfichui mtu.

Ukoo wake nilisimuliwa na Shebughe, akingoja kuitwa:
bibi mrefu, mwembamba, wa nchi za joto;
babu mfupi, jani pana, wa milimani;
na wa tatu, gugu la kando ya reli huko kwenye baridi,
hana kimo, hana ulevi wa kutajwa,
ila theluji ilimfunza jambo moja: usingoje.
Ndugu zake hungoja usiku urefuke ndipo watoe ua.
Huyu huhesabu siku zake mwenyewe
tangu alipopasua ganda.

Nikacheka. Usiku urefuke, Muheza?
Hapa jua hutoka kumi na mbili, huzama kumi na mbili,
hata saa zetu tumezifunga kwenye mlango wa alfajiri;
usiku na mchana wamegawana
kama wake wenza wamchao Mungu.
Ujanja wote ule, kuvuka bahari ndani ya bahasha,
kuja kutokungoja kitu ambacho hapa hakipo!

Kesi ikaahirishwa. Shahidi yuko semina.
Wiki ya nne kikatoa unywele mweupe kwenye kifundo.
Kesi ikaahirishwa. Mkemia hajaleta ripoti.
Unywele ukawa kishungi, kishungi kikaota chembe
kama chumvi kwenye mkono uliokaukia jua.
Kesi ikaahirishwa. Hakimu kahamishiwa Handeni.
Dirisha la chumba kile limezibwa na mafaili
ya tangu enzi za taipureta;
mwanga unaopenya hautoshi kusoma jina.
Hakikujali.

Mimi ni kaimu, mwaka huu wa tisa.
Kaimu mtunza vielelezo, Zaina Mhina,
barua ya kuthibitishwa iko njiani, wanasema,
njia gani hawasemi.
Mchana mmoja nilikisogelea nikakiuliza:
wewe nani alikusainia?

Na jingine alilosema yule kijana likanikaa:
ukikata tawi lake ukalichomeka kwingine,
halianzi upya. Lina umri wa mama yake.
Litachanua siku moja naye
hata likiwa na urefu wa njiti ya kiberiti.
Nikamfikiria binti yangu Mwanamkuu, Dar,
kwenye meza ya watu, mkataba wa miezi mitatu mitatu,
akiniambia simuni, "Bado kidogo, mama,"
kwa sauti yangu.

Wiki ya kumi unywele ukashika kutu.
Ya kumi na mbili kikafa kimesimama.
Mbegu hakuna; dume hakuwepo.

Ripoti ikafika Jumanne, kurasa mbili,
ikithibitisha kwamba sampuli ni ya mmea.
Hakimu mpya akakiinamia kile kijiti.
"Hiki ndicho?"
Ndicho, mheshimiwa.
"Daftari linasema hai."
Lilisema, mheshimiwa.
Akaahirisha.

Ndoo iko palepale, udongo umepasuka.
Leo asubuhi nimejikuta nimeimwagia kikombe kizima,
nikabaki nimesimama, chai sina.